Nikaze Wapi?

Leo nataka tuongee habari za breki, na hasa breki za mafuta za baiskeli za milimani, zile zenye diski katikati ya gurudumu. Wengine mtasema hayo ni mambo ya mafundi. Mimi naona yametufikia sote. Baiskeli hizi zinashuka kwenye makontena ya mtumba kila uchao, vijana wanaotembeza wageni Usambara na Kilimanjaro wanazitegemea kwa riziki yao, na watoto wetu wanazililia kwa sababu wameziona kwenye simu. Anayeipanda inampasa aijue breki yake mwenyewe, maana kule juu porini hakuna kibanda cha fundi.

Kilichonisukuma niilete mada hii ni mpwa wangu anayeishi Lushoto. Alijibana akanunua baiskeli ya mtumba, nzuri kwelikweli: fremu ya alumini, foko yenye springi, diski mbele na nyuma. Wiki ya tatu akanipigia simu. "Shikamoo mjomba. Breki ya mbele inaingia ndani sana, halafu gurudumu linakwaruza likizunguka. Nimeikagua baiskeli nzima sioni pa kukaza. Nikaze wapi?"

Swali lile lilinikaa kichwani, kwa sababu nalielewa linatoka wapi. Breki zote tulizokulia nazo zinakazwa. Ile Phoenix ya babu ilikuwa na fimbo za chuma zinazotoka kwenye usukani mpaka kwenye rimu. Zikilegea, fundi anafungua nati, anavuta fimbo, anafunga. Zikaja breki za waya. Waya hutanuka, mipira ya breki inalika, nawe unazungusha ile nati ndogo ya pale kwenye mkono wa breki, robo mzunguko, nusu mzunguko, mambo yanakaa sawa. Mikono yetu imefunzwa hivyo tangu utotoni: breki ikilegea, kaza.

Sasa mtu mwenye mikono iliyofunzwa hivyo akikutana na breki ya mafuta, atatafuta skrubu. Na skrubu zipo. Kuna moja kwenye mkono wa breki inayousogeza karibu na usukani au kuupeleka mbali; hiyo ni ya kulinganisha breki na urefu wa vidole vyako, haiongezi nguvu hata chembe. Kuna nyingine juu ya kikopo cha mafuta, palepale kwenye mkono wa breki. Kuna nyingine kule chini kwenye kile kidude kinachoikumbatia diski, ambacho mafundi wanakiita kalipa. Hizo mbili za mwisho ni milango ya mafuta. Ukizifungua kwa kudhani unakaza, mafuta yanatoka, upepo unaingia, na breki iliyokuwa na kasoro ndogo inakufa kabisa.

Nikamwambia asiguse kitu, nitapanda Jumamosi. Na nikamsihi asishuke mteremko wa Soni na baiskeli ile.

Waliopita barabara ya Lushoto hadi Mombo, ile inayopitia Soni, wanajua kwa nini nilisihi. Lushoto iko kwenye mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, Mombo iko chini kwenye mita 400 na kitu. Ni kilomita 30 na ushee za kona juu ya kona, ukuta wa mwamba upande mmoja, upande wa pili bonde. Mtu na baiskeli yake, tuseme wana kilo 90 jumla, wakishuka mita 1,000, wanabeba nishati ya jouli 880,000 hivi ambayo lazima iende mahali. Upepo unaomgonga mpandaji kifuani utachukua sehemu yake. Inayobaki inaishia kwenye diski mbili, kila moja nyepesi kuliko simu yako ya mkononi, na inakuwa moto. Kama nishati yote ile ungeipeleka kwenye sufuria, ingechemsha zaidi ya lita mbili na nusu za maji. Ukilijua hilo, hutaichukulia breki kama urembo wa baiskeli.

Basi hii breki inafanyaje kazi? Chukua mabomba mawili ya sindano, moja jembamba na moja nene, uyaunge kwa kimpira, ujaze maji pasipo kiputo. Sukuma lile jembamba. Lile nene litasogea kidogo tu, lakini jaribu kulizuia kwa kidole gumba, utaona linavyokushinda. Mfaransa Blaise Pascal, aliyefariki mwaka 1662, ndiye aliyetueleza siri yake: kimiminika kilichofungiwa ukikikandamiza mahali pamoja, mgandamizo huo unasambaa sawasawa kila upande. Kwenye baiskeli, bomba jembamba liko kwenye mkono wa breki na bomba nene liko kwenye kalipa. Tuseme pistoni ya juu ina upana wa milimita 10, na ya chini milimita 22. Uso wa ile ya chini ni karibu mara 5 ya ile ya juu, kwa hiyo nguvu inayofika kwenye pedi ni karibu mara 5 ya iliyoingia. Hapo hatujahesabu ule mkono wa breki wenyewe, ambao nao ni wenzo unaozidisha nguvu ya kidole. Ndiyo maana kidole kimoja kinatosha kusimamisha mtu mzima kwenye mteremko.

Lakini jambo linalonivutia zaidi liko kwenye kitu kidogo ambacho wengi hawajawahi kukiona. Pistoni ya kalipa imezungukwa na pete ya mpira, sili, na pete hiyo ukiikata utaona unene wake una pembe nne, kama kipande kidogo cha ubao. Unapobana breki, pistoni inakwenda mbele na sili inapinda nayo, imeing'ang'ania. Ukiachia, sili inajinyoosha na kuivuta pistoni irudi nyuma, kiasi kidogo sana, sehemu ya milimita. Hiyo ndiyo nafasi yote inayotenganisha pedi na diski. Siku pedi inapolika, pistoni inatakiwa iende mbali kuliko sili inavyoweza kupinda. Hapo inateleza kidogo ndani ya sili, inashikwa mahali papya, na mafuta ya akiba kutoka kwenye kikopo cha juu yanashuka kujaza nafasi iliyoachwa. Breki imejikaza yenyewe, wewe ukiwa umekaa kwenye tandiko huna habari.

Kwa hiyo jibu la swali la mpwa wangu ni kwamba pa kukaza hapapo, kwa sababu kazi ya kukaza ameshapewa mwingine. Kinachobaki kwetu ni kuhakikisha huyo aliyepewa kazi hazuiwi: kalipa imekaa sawa juu ya diski, pistoni ni safi na zinateleza, na mafuta yako ndani ya mpira wake wala si nje kwenye diski.

Nilifika Jumamosi asubuhi, ukungu bado umeshikilia miti. Baiskeli nikaikuta uani, imegeuzwa miguu juu, imesimama kwa tandiko na usukani, kama mafundi wetu wote wanavyofanya. Nikamwambia kwanza tuisimamishe. Kwa baiskeli ya waya kuigeuza hakuna neno. Kwa hii ya mafuta, kama kwenye kile kikopo cha juu kuna upepo kidogo, na mara nyingi upo kwenye baiskeli ya mtumba, ukiigeuza upepo unapanda kuelekea kwenye mpira wa mafuta, kwa sababu sasa mpira ndio uko juu. Ukirudisha baiskeli na kupanda hapohapo, mkono wa breki unaingia mpaka kwenye usukani kama umeshika sifongo. Ikikutokea, iache isimame wima kwa muda, kisha bonyeza breki taratibu mara nyingi, upepo urudi ulikotoka. Usipande kabla mkono haujawa mgumu.

Tukaanza na gurudumu lenyewe, maana kelele nyingi za diski zinatoka hapo. Tukalegeza ekseli ya mbele, nikaegemea usukani ili gurudumu likae barabara kwenye foko, tukalibana tena. Kelele ikapungua, haikuisha.

Halafu nikamwambia apige magoti, ashike karatasi nyeupe nyuma ya kalipa, achungulie kwa mbele. Ukifanya hivyo asubuhi yenye mwanga mzuri, unaona mistari miwili myeupe, mmoja kila upande wa diski, myembamba kama ncha ya ukucha. Hiyo ndiyo nafasi niliyoisema, ile ya sili kujinyoosha. Yeye aliona mstari mmoja tu. Upande wa kulia palikuwa na mwanga mpana kupita kiasi. Upande wa kushoto hapakuwa na kitu, pedi imelala kwenye diski. "Endelea kutazama," nikamwambia, nikabana breki polepole.

"Mjomba, diski inapinda!"

Naam. Pistoni ya kulia ilikuwa imekwama. Vumbi jekundu la njia za porini, lililochanganyika na unyevu, lilikuwa limekauka ubavuni mwake, haiwezi tena kuteleza ndani ya sili. Ya kushoto ikawa inafanya kazi ya watu wawili: inatoka peke yake, inaisukuma diski ipinde upande wa pili mpaka ikutane na pedi ya kulia isiyosogea. Ndipo utaelewa kwa nini mkono uliingia ndani sana na kwa nini gurudumu lilikwaruza. Malalamiko mawili, ugonjwa mmoja.

Tukatoa gurudumu. Tukachomoa ile pini inayozishika pedi, tukazitoa zote mbili na kuziweka juu ya karatasi safi, mbali na mikono yetu. Nikamwonyesha unene wa kuangalia: zile za Shimano, unene wa pedi yenyewe, bila kuhesabu bati la nyuma, ukifika nusu milimita, ni za kutupa. Zake zilikuwa bado nzima. Na diski yenyewe ina umri wake. Mpya ina unene wa milimita 1.8, ikifika 1.5 inastaafu. Mara nyingi namba hiyo imechorwa kwenye diski, mtu hana haja ya kukisia.

Kisha tukaja kwa mgonjwa. Pistoni nzima nikaizuia kwa kile kibao cha plastiki cha kutolea tairi, yeye akawa anabonyeza breki kidogokidogo. Ile iliyokwama ikakataa, ikakataa, kisha ikatoka kwa mshtuko, milimita 3 hivi. "Basi, acha!" Ukiendelea kubonyeza, pistoni inadondoka na mafuta yote yanafuata. Ubavuni mwake palikuwa na pete ya uchafu mwekundu, kama alama ya maji kwenye ukuta baada ya mafuriko. Tukachukua pamba ya kijiti, tukaichovya kwenye mafuta yaleyale ya breki ile, maana nilikuwa na kichupa nilichotoka nacho mjini, tukapangusa kuzunguka pistoni mpaka ikang'aa. Tukaisukuma irudi kwa kibao cha plastiki, sawasawa, bila kuiinamisha. Tukaitoa tena, tukapangusa tena. Mara ya nne ikawa inatoka na kurudi pamoja na mwenzake.

Hapo kwenye kusukuma naomba mnisikilize vizuri. Bisibisi ya chuma hairuhusiwi. Pistoni nyingi za siku hizi ni za seramiki au plastiki ngumu. Ukizipiga ncha ya chuma zinabanduka ukingo, na pistoni iliyobanduka haina dawa. Na gurudumu likiwa limetolewa usibonyeze breki kwa mchezo. Mimi iliwahi kunikuta nikisafiri na baiskeli kwenye buti la basi, magurudumu nimeyatoa. Njiani mizigo ikaukandamiza mkono wa breki, nilipofika pedi zilikuwa zimekumbatiana kabisa, diski haipiti. Tangu siku ile kila nikisafiri naweka kipande cha plastiki ngumu katikati ya pedi, nakifunga kwa mpira wa kufungia noti.

Baada ya kupangusa mafuta yote yaliyobaki kwa kitambaa kikavu, tukarudisha pedi, pini na gurudumu. Sasa ikaja ile kazi ambayo kwa kweli ndiyo watu wanaiita kurekebisha breki za diski. Kalipa imefungwa kwa bolti mbili kwenye foko. Unazilegeza kwa alenki, kalipa ichezecheze kulia na kushoto. Unabana breki kwa nguvu na kuishikilia. Pedi zinaikamata diski na kalipa inajivuta yenyewe mpaka iwe katikati. Ukiwa bado umeshikilia, unakaza bolti moja kidogo, unahamia ya pili kidogo, unarudi ya kwanza. Ukiimaliza moja kabla ya nyingine, bolti inavyozunguka inaiburuta kalipa na kuipotosha. Shimano wanaelekeza nguvu ya nyutonimita 6 hadi 8. Kama huna spana ya kupimia, tumia alenki fupi na nguvu ya kiganja, bega lisihusike.

Sisi tulipoachia, bado upande mmoja uligusa kwa mbali, kama unyasi unaokwaruza ukuta. Hilo ni la kawaida. Tukalegeza bolti kidogo tu, yeye akashika karatasi nyeupe, mimi nikaisogeza kalipa kwa vidole kwa kipimo cha nywele, tukakaza. Mistari miwili ya mwanga ikatokea, inalingana. Akazungusha gurudumu, tukakaa kimya kusikiliza. Lilizunguka muda mrefu bila sauti ila ya tairi na hewa.

Ndipo mpwa wangu akaingia ndani akatoka na chupa. Kumbe kabla ya kunipigia simu alikuwa ameshashauriwa kwamba mafuta ya breki yamekwisha, akaenda kununua chupa ya DOT 4 ya gari, tayari kujaza. Nilishukuru Mungu kwamba alipiga simu kwanza.

Jamani, hapa ndipo breki nyingi zinapouawa. Mafuta ya breki za baiskeli yapo ya koo mbili zisizooana. Shimano, Magura na Tektro wanatumia mafuta ya madini. SRAM kwa breki zao nyingi, na Hope, wanatumia DOT, ile jamii ya mafuta ya breki ya magari na pikipiki. Sili za kila ukoo zimetengenezwa kwa mafuta ya ukoo wake. Ukitia DOT kwenye breki ya mafuta ya madini, au kinyume chake, sili zinavimba na kuharibika, pistoni zinakwama, na hata ukimwaga ukaosha, mpira ulioharibika haurudi. Ishara iko palepale kwenye kifuniko cha kikopo au kwenye kalipa: imeandikwa DOT, au imeandikwa mafuta ya madini tu yatumike. Kama maandishi yamefutika na hujui breki ni ya nani, usimimine. Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu DOT inauzwa kila duka la vipuri vya pikipiki, na mafuta ya madini ya baiskeli lazima uyatafute kwa tochi. Kinachopatikana kirahisi ndicho kinachomiminwa.

Na DOT yenyewe, kwa breki zinazoitumia, ina tabia ya kunyonya unyevu hewani. DOT 4 mpya inatakiwa istahimili angalau nyuzi 230 za Selsiasi kabla ya kuchemka. Ikishanyonya maji kiwango chake cha chini kinashuka mpaka 155. Kwa hiyo chupa iliyokaa wazi rafuni mwaka mzima si kitu cha kumpa mtu anayeshuka mlima. Mafuta yakichemka yanatoa mvuke, mvuke unabonyea, na mkono wa breki unakwenda mpaka kwenye usukani katikati ya kona.

Nimetaja joto, na siwezi kulipita bila kuwapeleka mlima Tamalpais, kaskazini ya San Francisco kule Marekani, mahali mchezo wa baiskeli za milimani ulipopatia sura yake. Miaka ya 1970 vijana wa pale walikuwa wanachukua baiskeli nzito za zamani zenye matairi manene, wanashuka nazo njia za vumbi. Breki yao ilikuwa ile ya kukanyaga pedali kinyumenyume, ambayo wengi wetu tumeiona kwenye baiskeli za Kiholanzi. Tarehe 21 Oktoba 1976 wakashindana kwa saa kwa mara ya kwanza kwenye njia moja karibu na mji wa Fairfax, inayoshuka mita 400 hivi kwa kilomita 3 na kitu. Gary Fisher, ambaye jina lake baadaye likawa maarufu, alikuja kuishuka kwa dakika 4 na sekunde 22. Njia ile ikaitwa Repack, maana yake kujaza upya, kwa sababu mwisho wa mteremko grisi yote ya ndani ya habu ilikuwa imeungua na kutoka moshi, na usiku mtu alikaa anafungua habu na kuijaza grisi mpya ili aweze kushuka tena. Mashindano yanayotajwa kama chimbuko la mchezo huu hayakuchukua jina la mshindi wala la mlima. Yalichukua jina la breki iliyoungua. Diski na mafuta tulivyonavyo leo ni jibu la moshi ule.

Kuna adui mwingine, naye ni mafuta yakiwa mahali pasipo pake. Miaka kadhaa iliyopita niliiacha baiskeli yangu kwa fundi mmoja, nikamwambia breki ya nyuma inalia. Niliporudi kilio kilikuwa kimekwisha. Alikuwa ameipaka diski mafuta ya cherehani. Nilikwenda mita 20 barabarani, nikabana kwenye makutano, na baiskeli ikaendelea kwenda kana kwamba sijagusa kitu. Ilikuwa breki ya mbele iliyoniokoa. Simlaumu kwa nia yake. Kila chuma kinacholia alichokijua kwa miaka 30 kilinyamazishwa kwa mafuta. Lakini diski inasimamisha kwa msuguano, na pedi ni kitu chenye vinyweleo, inakunywa. Mafuta ya vidole tu yanatosha kuifanya ilie. Ukipulizia mnyororo dawa yenye shinikizo, funika diski. Diski yenyewe unaipangusa kwa spiriti na kitambaa kipya. Pedi iliyoguswa kidogo unaweza kuisugua kwa msasa mpaka itoke sura mpya. Iliyokunywa kabisa, tupa ununue nyingine. Wapo wanaoichoma moto. Sijaona ikirudi kuwa nzima.

Kabla hatujaondoka uani, mambo mawili ya haraka. Kwanza ile skrubu ya kusogeza mkono wa breki tukaitumia kwa kazi yake: mpwa wangu ana vidole vifupi, tukausogeza karibu mpaka kidole cha shahada kikaufikia bila kunyoosha kiganja. Pili, nikamwambia aisukume baiskeli kisha abane breki ya mbele ghafla, bila kufikiri. Kwa mazoea akabonyeza mkono wa kulia. Gurudumu la nyuma likagoma: ile ya mbele ilikuwa kushoto. Baiskeli nyingi za Ulaya bara na Marekani ziko hivyo, za Uingereza na Japani huwa kulia. Ukipanda ya mtumba, jaribu uani, usisubiri kugundua kwenye kokoto.

Tukaenda kiwanjani. Pedi na diski zikishafunguliwa na kupanguswa hazijuani vizuri, lazima uzizoeshe. Unakimbiza baiskeli kwa mwendo wa wastani, kama kilomita 20 kwa saa, unabana kwa nguvu inayopanda taratibu mpaka ukaribie kusimama, usifunge gurudumu, unaachia kabla hujasimama kabisa, unaondoka tena. Mara 20 mbele, mara 20 nyuma. Safu nyembamba ya pedi inahamia kwenye diski na kujipaka sawasawa. Mara za kwanza breki ilikuwa baridi, haina makali. Kufika ya 12 nikaona shingo yake inaanza kusukumwa mbele kila akibana. Ya 20 akaja mpaka miguuni pangu, akabana kwa kidole kimoja, na tairi la nyuma likanyanyuka kidogo kutoka ardhini.

"Sasa nishuke Soni, mjomba?"

Nikamwambia tunashuka wote. Njiani nilimkumbusha jambo moja tu, asikae ameishikilia breki mteremko mzima. Abane kwa nguvu kabla ya kona, aachie ndani ya kona, diski ipate upepo. Alitangulia, nami nyuma nikawa natazama mkono wake unavyofunga na kufungua. Pale mteremko unapoishia, kabla ya Mombo, alisimama pembeni, akachukua chupa yake ya maji, akadondosha tone moja kwenye diski ya mbele. Likachemka, likapotea.